Mzazi Anapolimbikiza Ada: Kudai Fedha ya Kulea Watoto Mjini Moshi

Ada ya mtoto anayeshinda kwa mlezi hailimbikizwi na mzazi mkorofi peke yake. Mara nyingi inalimbikizwa na tarehe. Mlezi wa Pasua au Njoro anaandika kwamba ada ilipwe tarehe 1, kisha anapokea mtoto wa nesi wa KCMC, mtoto wa mpagazi wa mlimani, mtoto wa muuza ndizi wa Mbuyuni na mtoto wa dereva bodaboda. Katika hao hakuna wawili wanaoshika fedha siku moja. Ikifika tarehe 10 ana madeni manne mkononi na hajui lipi ni uzembe na lipi ni ukame. Akiwafokea wote sawasawa, anampoteza yule ambaye angelipa.

Kwa hiyo kazi ya kudai inaanza siku mtoto anapoletwa mara ya kwanza. Swali la kumuuliza mzazi, tena kwa adabu, ni hili: "Fedha yako huingia lini?" Mtumishi wa serikali mshahara wake huingia kwenye ishirini na kitu, basi tarehe yake iwe 27, na awe analipia mwezi unaokuja. Aliyeajiriwa na mtu binafsi mara nyingi hulipwa mwanzoni mwa mwezi, na wakati mwingine huvuka tarehe 5. Mpangie tarehe 7. Kumwandikia tarehe 1 ni kumfundisha kuchelewa, na aliyezoea kuchelewa siku sita haoni tabu kuchelewa kumi na sita.

Mama wa sokoni na dereva bodaboda wapangiwe kwa siku au kwa wiki. Tuseme ada yako ni shilingi 60,000 kwa mwezi wa siku 22 za kazi. Kwa siku mzazi atoe 3,000, yaani 66,000 mwezi ukitimia bila pengo. Hiyo 6,000 ya ziada ni haki, kwa sababu siku mtoto akibaki nyumbani na homa yeye halipi, na wewe nafasi yake umeilinda. Fedha hiyo ipokelewe asubuhi, mtoto akiwa bado mlangoni. Jioni imeshaingia kwenye unga, mafuta ya taa na hesabu ya mwenye pikipiki. Akitaka wiki, iwe 15,000 kila Jumatatu, na mwambie mapema kwamba miezi yenye Jumatatu tano atalipa mara tano. Usipolisema hilo mwanzoni, Jumatatu ya tano italeta ugomvi.

Wapagazi na wapishi wa Kilimanjaro, wagumu kama wanavyojiita, wanahitaji mpango wao kabisa. Njia ya Marangu ni siku 5 au 6, Machame 6 au 7, Lemosho 7 au 8. Malipo na bakshishi hupatikana baada ya kushuka. Ukimpigia simu siku ya tatu yupo juu ya mawingu, na hata akipokea hana cha kukupa. Mpangie alipe kwa safari: akishuka, ndani ya siku mbili alete ada ya wiki nne zijazo. Halafu kuna jambo la masika. Watalii ni wengi kati ya Juni na Oktoba, wanaongezeka tena kuanzia Desemba hadi Februari, lakini Aprili na Mei mlima unanyeshewa na kazi inakauka. Kila mwaka Aprili ndipo deni la mgumu huzaliwa, na kila mwaka walezi hushangaa upya. Dawa yake ni akiba ya masika: kuanzia Julai hadi Oktoba aongeze 15,000 juu ya ada ya kila mwezi. Miezi minne ni 60,000, na Aprili imeshalipwa. Iandike kwenye ukurasa wake kama akiba, usiichanganye na mapato yako, na mtoto akiondoka kabla ya Aprili irudishe yote. Kwa Arusha hesabu ni ileile kwa madereva wa safari za mbugani na wahudumu wa hoteli, na kwa madalali wa vito afadhali ukubaliane malipo ya miezi miwili kwa mkupuo siku jiwe lilipouzwa.

Makubaliano haya yaandikwe. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, ila ya mdomo yana tatizo moja: kila mmoja anayakumbuka kwa faida yake. Ukurasa mmoja unatosha. Jina la mtoto, majina kamili ya wazazi wote wawili kama wapo, namba za simu mbili, namba ya kitambulisho cha NIDA, mtaa na jina la mwenye nyumba, kiasi cha ada, tarehe ya kulipa, saa ya mwisho ya kumchukua mtoto, na nini hutokea akichelewa. Wasaini wote wawili. Bibi akimleta mjukuu, mheshimu, mpe kiti, lakini karatasi isainiwe na mwanawe. Aliyesaini ndiye mdaiwa wako. Bibi aliyekuwa akimsindikiza mtoto tu huna cha kumdai, hata kama ndiye anayepatikana nyumbani kila siku.

Na siku hiyohiyo chukua amana ya nusu mwezi. Nitaieleza mbele, kwenye habari ya Desemba.

Daftari

Nunua kaunta buku la kurasa nyingi na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Kila mtoto apewe kurasa mbili zinazotazamana: kushoto mahudhurio, kulia fedha. Upande wa fedha uwe na safu tano: tarehe, kilichotakiwa, kilicholipwa, kilichobaki, njia ya malipo. Safu ya kilichobaki ndiyo walezi wengi huiruka, na bila hiyo mwezi wa tatu utakaa na mzazi mkijumlisha vidoleni na kila mmoja atapata jibu lake.

Malipo ya nusunusu ndiyo yanayovuruga zaidi. Mzazi anadaiwa 35,000 ya Mei na 60,000 ya Juni, analeta 40,000. Ni ya mwezi gani? Mdaiwa akitaja analipia mwezi gani, basi ni huo. Asipotaja, mdai ana haki ya kuielekeza, na wewe ielekeze kwenye deni kongwe: 35,000 inafunga Mei, 5,000 inaingia Juni. Andika hivyo kwenye risiti kabla hajaondoka. Risiti iliyoandikwa "ada" peke yake itageuka kuwa ya Juni, na Mei itakufa polepole bila kulipwa.

Malipo ya simu yana mitego yake. Mzazi anatuma 60,000 kamili bila ya kutolea, wewe unapotoa kwa wakala unapokea pungufu. Mwaka mzima makato hayo ni fedha ya maana. Mkubaliane kwenye karatasi nani anayabeba. Pili, usiamini ujumbe uliopelekwa kwako kutoka simu ya mzazi kwamba "muamala umekamilika", maana ujumbe wa namna hiyo hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe. Tatu, namba ya muamala na jina lililotokea viandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, kwa sababu simu ikiibiwa stendi ushahidi wako umekwenda nayo. Fedha taslimu iliyowekwa kwenye begi la mtoto ihesabiwe mbele ya aliyemleta, na kama ni dada wa kazi, mpigie mzazi papo hapo umwambie umepokea kiasi gani.

Kwa nini deni lisivuke mwezi mmoja

Ukiwaza hasara ya mtoto asiyelipiwa kwa uji tu, utadhani ni ndogo. Watoto wanane wakinywa uji robo lita mara mbili kwa siku ni lita 4, na kwa unga wa gramu 100 kila lita ni gramu 400 kwa siku, kilo 8.8 kwa mwezi wa siku 22. Sehemu ya mtoto mmoja ni kilo 1.1. Hilo halimfilisi mtu. Kinachokufilisi ni kwamba msaidizi, kodi ya nyumba, maji na mkaa vinataka fedha ileile watoto wakiwa wanane au saba wanaolipa, na nafasi ya yule asiyelipiwa umewanyima watatu waliokuja kuulizia.

Na kwa upande wa mzazi, 60,000 inaweza kutoka kwenye mshahara mmoja kwa kujibana. 120,000 haitoki. Deni likifika hapo mzazi anaanza kumtuma mtu mwingine kumchukua mtoto, simu hapokei, na siku moja mtoto haji. Ndiyo maana nashikilia kwamba deni lisivuke ada ya mwezi mmoja hata kwa rafiki, hata kwa mwumini mwenzako wa usharika mmoja.

Siku moja baada ya tarehe kupita, tuma ujumbe kwa aliyesaini, jioni baada ya mtoto kufika nyumbani:

"Habari za jioni Mama Fulani. Mtoto ameshinda salama, amekula vizuri. Nakukumbusha ada ya Juni 60,000, ilikuwa ya tarehe 7. Umelipa 25,000, imebaki 35,000. Naomba uniambie utamalizia siku gani."

Tazama sentensi ya mwisho. Ukiuliza siku, mzazi hujibu kwa siku: "Ijumaa dada yangu, nivumilie." Jibu hilo tayari ni kukiri deni kwa maandishi, na kiasi umekitaja mwenyewe hapo juu. Ukiandika "naomba hela yangu" utajibiwa "sawa", na "sawa" haina tarehe wala kiasi.

Wiki ikipita, ongea naye uso kwa uso. Si mlangoni saa 12 jioni mtoto analia na wazazi wengine wamesimama nyuma yake. Mwombe aje dakika kumi Jumamosi. Usimpe dada wa kazi ujumbe wa deni, kwa sababu kabla ya giza mtaa mzima utajua, na kuna nyumba ambazo mama alipewa fedha ya ada na baba akaitumia kwa shida nyingine. Ukiitangaza umewasha moto usioweza kuuzima. Sikiliza kwanza. Kama kazi imekatika, punguza siku za mtoto kutoka tano hadi tatu kabla hujazungumza habari ya kumtoa.

Ikifika wiki ya pili, andikianeni. "Mimi (jina kamili) nakiri kudaiwa na (jina lako) shilingi 60,000, ikiwa ni ada ya kulea mtoto wangu mwezi wa Juni. Nitalipa shilingi 1,000 kila siku mtoto anapokuja, pamoja na ada ya siku hiyo shilingi 3,000." Tarehe, saini zenu, saini ya shahidi mmoja wa kila upande. Kwa siku 22 za mwezi deni linapungua 22,000, na 60,000 inakwisha kwa siku 60 za mahudhurio, kabla ya miezi mitatu kutimia. Mzazi wa kipato cha siku huuweza mpango huu kuliko ahadi ya kuleta 60,000 mwisho wa mwezi, na wewe unajua kesho yake asubuhi kama ahadi ina nguvu.

Asipoutekeleza, mpe notisi ya kusitisha huduma, siku 5 za kazi, kwa maandishi, ukitaja siku ya mwisho kwa tarehe. Siku 5 hizo ni za mtoto. Ukikata ghafla, mtoto wa miaka miwili anafungiwa ndani au anaachiwa kaka wa miaka saba. Na kama siku ya sita ameletwa na kuachwa getini, mwingize ndani, mpe uji, ihesabu siku hiyo kwenye deni, kisha mtafute mzazi. Mtoto asipochukuliwa hadi usiku na wazazi hawapatikani, mjulishe mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure.

Mambo yanayoharibu dai lako

La kwanza na kubwa: usimzuie mtoto. Usiseme hata kwa utani kwamba mtoto hatoki mpaka fedha ije. Deni ni la madai, kumzuilia mtu mwanawe ni jinai, na ukifanya hivyo saa moja tu wewe ndiye utakayetafutwa na askari, na 60,000 yako hakuna atakayeiuliza. Begi, nguo na kadi ya kliniki pia usizishike. Usimpunguzie mtoto chakula wala usimkalishe pembeni. Mtoto hajakopa.

La pili, usimtangaze mzazi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wala kwenye status, na picha ya mtoto usiiguse kabisa. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mzazi aliyekuwa anaona haya kwa deni lake anapata ghafla sababu ya kukushtaki, na wazazi wanaolipa vizuri wanajiuliza watatangazwa lini. Kwenye kundi tuma kumbusho la jumla tu, kwamba ada za mwezi zinaanza kupokelewa.

La tatu, usikimbilie polisi. Watakwambia hili ni shauri la madai, na watakuwa sahihi. Askari unayemfahamu akikubali kwenda kumtisha mdaiwa, hilo nalo linakugeukia.

Faini ya kumchelewa mtoto, kwa mfano 1,000 kwa kila nusu saa baada ya saa 12, ni halali kuidai kama iliandikwa tangu mwanzo na inalingana na muda wa msaidizi wako. Faini ya 5,000 kwa siku juu ya ada iliyochelewa ni kubwa kuliko ada yenyewe ya siku. Mahakama huruhusu fidia ya kiasi, na dai lenye tamaa hudhoofisha hata sehemu yake ya kweli. Riba usiweke.

Ngazi za mtaa na mahakama

Anza kwa barua ya madai: kiasi, miezi, malipo yaliyopokelewa, kilichobaki, na siku 14 za kulipa. Peleka nakala mbili, moja aisaini kuipokea. Akikataa kusaini, andika tarehe na jina la shahidi uliyekwenda naye. Kisha nenda kwa mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, na daftari mkononi. Kwa Moshi hatua hii humaliza madeni mengi, hasa mdaiwa akiwa amepanga, maana mwenye nyumba naye hutaka amani. Chochote mtakachokubaliana pale kiandikwe na kisainiwe mbele yao. Baraza la kata nalo linaweza kusuluhisha.

Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo ya eneo anakoishi mdaiwa. Lugha ni Kiswahili, na deni la namna hii unaweza kuliendesha mwenyewe bila wakili. Unapeleka madai yako, unalipia ada ya kufungua shauri, mdaiwa anapelekewa wito. Siku ya kusikilizwa nenda na makubaliano halisi, daftari halisi, vitabu vya risiti, ujumbe wa simu ukiwa bado kwenye simu na nakala zilizochapwa, na msaidizi wako kama shahidi wa mahudhurio. Ukishinda, mdaiwa anaweza kupangiwa kulipa kwa awamu, na asipolipa unarudi kuomba hukumu ikazwe, ndipo mali zake zinaweza kukamatwa. Asiyeridhika ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka 6, na mdaiwa akilipa sehemu au akikiri kwa maandishi kabla muda haujaisha, hesabu huanza upya.

Hata hivyo, kwa deni lililo chini ya mwezi mmoja mimi simshauri mtu kwenda mahakamani. Kila siku ya kesi unafunga mlango au unamwachia msaidizi watoto wanane peke yake, na hilo la pili ni la hatari. Miezi miwili na kuendelea, mdaiwa akiwa bado yupo mjini na ana kipato, nenda.

Jambo moja linawatisha walezi wengi hapa: mdaiwa anajibu kwamba atakuripoti kituo hakijasajiliwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na njia inaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, iwe Manispaa ya Moshi au Jiji la Arusha. Kamilisha usajili wakati huna ugomvi na mtu.

Desemba

Mwezi mbaya kuliko yote ni huu. Wachaga wanarudi nyumbani, barabara za Rombo, Marangu na Machame zinajaa magari, watoto wana shangazi na binamu wa kushinda nao, na Januari inakuja na ada za shule na sare za wakubwa. Wazazi wanauliza: kwa nini nilipe Desemba nzima na mtoto kaja hadi tarehe 15? Jibu liwe limeandikwa tangu siku ya kwanza. Unafunga tarehe ipi, na wanalipa nusu au nzima. Mimi naona nusu ni haki kama umefunga wewe, na nzima kama mlango uko wazi na mzazi ndiye aliyemwacha mtoto nyumbani.

Tena Desemba ndipo wanaoanza darasa la awali Januari wanaaga, au wanaondoka bila kuaga. Mzazi hakuhitaji tena, na deni la mwezi wa mwisho ndilo gumu kuliko yote kulipata. Hapo ndipo amana ya nusu mwezi inapofanya kazi: 30,000 uliyoipokea siku ya kwanza inalipia nusu ya mwisho ya mwezi wa mwisho. Kama hadaiwi, mrudishie siku ya kuaga, mbele ya wazazi wengine ikiwezekana, na asaini kwamba amepokea. Waliobaki wakiona amana inarudi, wanaoingia Januari hawatabishana nawe kuitoa.

Deni lisilolipika, la aliyehamia Dar na namba imefungwa, lipigie mstari kwa kalamu nyekundu mwisho wa mwaka, usilihesabu tena kwenye mipango yako. Ukurasa usiuchane. Familia nyingi za hapa hurudi baada ya mwaka mmoja au miwili na mtoto wa pili mgongoni. Mpokee, msalimie vizuri, fungua ukurasa uleule, mwonyeshe safu ya kilichobaki, na mwombe nusu yake kabla ya kuandika jina jipya.